Mtoto wa Kwenye Buti

Walipoacha lami ya Kamukuywa na kuanza kupanda mlima, Nabwile alisikia mtoto mchanga akilia nyuma ya kiti chake. Nyuma ya kiti kulikuwa na buti, na ndani ya buti mifuko yao na mkungu wa ndizi. Basi.

"Jentrix, unasikia?"

"Nasikia mimba ya miezi minane ikisumbua mtu," rafiki yake Jentrix akamjibu kutoka kiti cha mbele. "Tumetoka Kitale kuenda kula nyama Kapsokwony, wewe unatuletea kliniki."

Mwenye akili angekaa nyumbani. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia Nabwile, na hii ya tatu alikuwa amechoka kuilinda kama yai. Alikuwa ameshaitengea jina la marehemu mamake, Namaemba, ambalo hakuna mjukuu aliyelibeba bado.

Saa nane mchana ukungu ukafunika barabara. Sasa wote watatu walisikia. Farid, rafiki yao aliyekuwa akiendesha, akasimamisha gari, wakashuka, akafungua buti. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikawapiga usoni. Kilio kilitoka katikati ya mifuko, karibu kabisa, na hapakuwa na kitu.

"Msiongee nalo," Farid akanong'ona. Kwao ni karibu na msikiti wa Bungoma, na midomo yake ilikuwa tayari kwenye dua. "Hilo ni jini. Nifunge, twende."

Lakini mwanamke wa Kibukusu akisikia mtoto mchanga analia bila kunyamaza, anajua kazi moja: kumtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja, mpaka anyamaze kwa jina la yule aliyerudi ndani yake.

"Si tumtajie tu anyamaze, bana?" Jentrix alisema. "Nelima? Nasambu? Khakasa?"

Kila jina lilikizidisha kilio, kikapanda, kikamwingia Nabwile masikioni na kumshuka mpaka tumboni, tumbo likakaza kama ngoma na mtoto wake ndani akaanza kupiga mateke kana kwamba anasukumwa, na Nabwile, aliyekuwa ameshapoteza wawili na hakuwa na nguvu za kupoteza wa tatu, akafungua mdomo atoe jina lolote lile, likatoka lililokuwa karibu na ulimi.

"Namaemba!"

Kimya.

Farid akashika kichwa. "Umelipa jina? Nabwile! Umelifungulia mlango!"

Waligeuza gari hapo hapo. Huko Bungoma, mzee Sharif, mjombake Farid, alimsomea Nabwile dua kwenye maji, akamwambia bila kupamba: "Mwanangu, jina hilo si la mamako tena. Likitajwa juu ya mtoto wako, jini limeingia. Na likiingia, mimi sina dawa."

Nabwile alilia, kisha akakubali. Mamake angekaa bila wa kumrithi jina.

Mtoto alizaliwa msichana, mzima. Akalia siku tatu na kukataa titi. Mama mkwe, Phelista, alielezwa yote, akabetua midomo.

"Majini ni ya watu wa Farid. Sisi tumeokoka."

Alikuwa ameokoka, lakini wafu wa ukoo wao aliwajua wote, na aliwataja wote. Mtoto akazidi kukauka.

"Na wa kwenu?" akauliza.

"Mama, tafadhali. Wa kwetu hapana."

Asubuhi ya siku ya nne Nabwile alikuwa nje akianika nepi. Kupitia dirishani akasikia mama mkwe akibembeleza, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mwenye huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Basi ni wewe? Ni wewe, Namaemba?"

Kilio kikakatika.

Nabwile alikimbia hadi mlangoni, matiti yakimvuja.

"Ona sasa!" Phelista alikuwa anacheka kwa furaha. "Kumbe alikuwa anataka nyanyake tu. Njoo umnyonyeshe, amefungua mdomo."

Mtoto wa siku nne alikuwa ameinua shingo mwenyewe, bila kushikwa, akamgeukia mamake na kumwangalia kutoka miguuni hadi kichwani.

"Njoo basi!" Phelista akasema.

Miguu ya Nabwile ikakataa kuingia.