Bega la Sita

Mikono ilikuwa mingi kuliko watu.

Karani wa baraza aliliona hilo saa nane mchana, jua likiwa limejaa ukumbini mpaka chini ya meza, na kwanza alijilaumu mwenyewe. Madiwani walikuwa kumi. Waliopinga hoja ya mwenyekiti walikuwa watano, alishawahesabu. Sasa waliounga mkono walikuwa sita.

"Naomba nihesabu upya," alisema.

"Mama, uzee huo unabisha hodi," mwenyekiti alimtania, na wawili watatu wakacheka. "Hesabu, lakini fanya haraka. Mikono inachoka."

Katika baraza lile kura hazikuhesabiwa kwa macho. Zamani diwani mmoja aliinua mikono yote miwili akahesabiwa mara mbili, na tangu siku hiyo karani hupita nyuma ya viti akigusa bega la kila aliyenyoosha mkono. Bega moja, kura moja. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameyagusa mabega yale mpaka akayajua: la fundi cherehani, lililoinama upande wa mashine, la mwenyekiti, lililojaa kama mto mpya.

Hoja yenyewe ilihusu gereza la muda. Upepo ulikuwa umeezua paa la gereza la mji, na mahabusu thelathini na wawili walikuwa wamebanwa kituo cha polisi, katika chumba cha watu wanane. Mmoja wao alikuwa mdogo wake karani, fundi wa kuchomelea, aliyekamatwa kwa kupigana sokoni. Jana alipompelekea chakula, mdogo wake alimwambia kupitia nondo, "Dada, popote mtakapotuweka ni sawa. Ila tupate hewa."

Kulikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Karani mwenyewe ndiye aliyependekeza ukumbi mdogo, ulio nyuma ya ofisi za baraza. Mwenyekiti alitaka ghala la zamani la nafaka. Lilikuwa na kuta nene na mlango mmoja wa chuma, dirisha hakuna. "Utadhani lilijengwa likitusubiri sisi," alisema.

Ghala lile karani alilijua kwa mdomo wa bibi yake. Bibi alipokuwa msichana, watu saba walifungiwa mle wakiambiwa ni kwa siku mbili tu, na mwenye ufunguo akasafiri. Mlango ulipofunguliwa siku ya sita, hakuna aliyetoka kwa miguu yake. Kaka yake bibi alikuwa miongoni mwao. Bibi alikisimulia kisa hicho kwa maneno yale yale kila mara, na mjukuu akikosea neno alirudishwa mwanzo. Mwisho wake ulikuwa huu: mle mna jini, alikuwamo kabla ya kuta, wala hataki damu wala kafara. Anataka mlango ufungwe kwa nje.

Karani akaanza upya. Mwenyekiti, moja. Muuza mbao, mbili. Alipofika kwenye bega la nne harufu ikamfikia, ya gunia lililolowa na kutu, na chini yake jasho la watu waliokaa pamoja siku nyingi. Tano. Kisha mwisho wa safu, kwenye kiti ambacho asubuhi yeye mwenyewe alikiegemeza ukutani kwa sababu kilivunjika mguu, kidole chake kikatua juu ya kitu chenye umbo la bega lakini kisicho na joto la bega, kitu kibichi kilichobonyea kama nafaka iliyooza, na ndani yake, mbali, akasikia kwa mfupa wa kidole na si kwa sikio mtu akigonga chuma, mara tatu akanyamaza, mara tatu akanyamaza, na kila pigo baridi ikapanda kiungo kimoja zaidi, mpaka akauondoa mkono wake kama anayeutoa mdomoni mwa mnyama.

Alimwinamia fundi cherehani, aliyeketi safu ya pili. "Ndugu yangu, pale mwisho unamwona nani?"

"Simwoni mtu," fundi alinong'ona bila kugeuza shingo. "Naona mkono. Na kile kiti kimesimama kwa miguu mitatu."

"Sita kwa tano," mwenyekiti alisema, macho yakiwa kwenye karatasi zake. "Andika hoja imepita."

"Bega moja kura moja, na kila bega lina mwenyewe," karani alijibu. "Nitajie mwenye hili, nami nitaandika."

Mwenyekiti alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka kwenye kiti, kwa sauti kavu ya mtu aliyekosa maji.

"Mjukuu wa dada yangu. Ni mimi, babu yako. Niandike nipumzike."

Karani alishika meza. Kisha akautazama ule mkono, kwa utulivu, kama bibi alivyomfundisha kutazama.

"Huo ni mkono wa kulia," alisema. "Kaka yake bibi yangu hakuwa nao. Ulikatwa na mashine ya kusaga akiwa na miaka tisa. Mlango wa ghala aliugonga kwa kushoto, siku sita, ili afunguliwe. Hata angekuwa na mikono mia, asingeinua mmoja ili mwingine afungiwe mle. Wewe si wa kwetu. Shusha mkono."

"Mdogo wako ataingia wa kwanza," kikanong'ona.

"Haingii. Shusha mkono."

Mlango wa ukumbi ukajibamiza. Wote walisikia komeo likipita kwa nje, ilhali mlango ule haukuwa na komeo la nje. Madirisha yakawa kama yamezibwa kwa gunia, mwenyekiti akaukimbilia mlango akaugonga mara tatu, akanyamaza, akaugonga mara tatu, akirudia kwa sauti ndogo, "Tufungulieni, jamani, tufungulieni."

Karani alipapasa kalamu gizani. Aliandika kwa herufi kubwa, kisha akasoma kwa sauti, kama kanuni ilivyotaka:

"Wanaounga mkono, watano. Wanaopinga, watano. Kura zimelingana. Hoja imeanguka."

Kiti nacho kikaanguka. Jua likarudi pale pale lilipokuwa, na mlango ukafunguka kwa upepo mdogo tu.

Mwenyekiti alirudi mahali pake, vifundo vya vidole vikivuja damu. Alivifuta kwa leso.

"Ule ukumbi wetu mdogo," alisema, "una madirisha mangapi?"

"Sita," karani akajibu. "Na mlango unafungwa kwa kitasa cha kawaida."

Safari hii ilinyooshwa mikono kumi, naye akayagusa mabega yote kumi, yote yakiwa na joto. Wiki ile mdogo wake alilala karibu na dirisha.

Kidole kile hakijapata joto mpaka leo. Ni cheupe hadi kiungo cha pili, na kuna siku, katikati ya mkutano, husikia kupitia kwake mtu akigonga chuma mbali. Madiwani humwambia ahesabu kwa kingine. Yeye huhesabia hicho hicho.