Nani Aliyemleta Namuhonda

Ugomvi ndio uliowakutanisha, na kama Dorotea angejua yatakayofuata, huenda angeuacha uishie palepale bandarini.

Ilikuwa asubuhi ya Februari, bandari ya Mwanza imefurika abiria wa meli ya Ukerewe, magodoro vichwani, kuku wamefungwa miguu. Dorotea, mwongoza watalii wa visiwani, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na nyuma yake wageni sita. Juu ya ngazi kijana mmoja alikuwa akibandika bango. Gundi ikamdondokea Dorotea begani.

"Wee kaka! Huoni watu huku chini?"

"Nakuona sana, dada. Ndiyo maana mkono umetetemeka."

"Usinichekeshe! Shati hili nitalifanyaje sasa?"

"Nipe namba yako, nitakuja kulifua mwenyewe."

Akampa namba kwa hasira, ili shati lisipotakata ajue wa kumgombeza. Kijana aliitwa Masele, Msukuma wa Mkuyuni, mwenye kibanda cha kuchapisha mabango na maneno yasiyokauka. Jioni hiyohiyo simu ikalia.

"Shati linaendeleaje?"

"Lina hali mbaya."

"Na mwenye shati?"

Shati halikupona, lakini simu ziliendelea. Kufikia Machi walikuwa wakila sato wa kukaanga kwenye sahani moja, juu ya mawe ya ufukweni, Masele akimchambulia miiba na kumwita "mama watoto" kabla hata ya kumjua mama yake.

Aprili Dorotea akampeleka kwao Namuhonda, kisiwa kidogo ng'ambo ya Nansio. Nyuma ya kijiji, maji ya masika yaliruka kutoka juu ya mwamba, yakapiga chini kwa kishindo, ukungu wake ukawalowesha nguo. Dorotea alivua makubazi yake akasimama majini, na Masele akapiga picha.

Sasa, Namuhonda kuna jambo ambalo hata mtoto analijua. Binti wa kisiwa hampeleki mwanamume kwenye maporomoko yale ila yule anayetaka kuolewa naye. Wazee wa mwanamume wakishafika, shangazi wa binti huuliza mbele ya watu, "Nani aliyemleta?" Binti akijibu, "Nimemleta mimi," posa imepokelewa.

"Huku haletwi mtu hivi hivi," Dorotea alimwambia.

"Basi mimi nina bahati," Masele akajibu, akambusu kwenye paji la uso.

Dorotea akadhani ameelewa. Hapo ndipo alipokosea, maana Mkuyuni hawana maporomoko, wana soko.

Mama mmoja aliyekuwa akikata kuni aliwaona, na jua halijazama habari ikamfikia shangazi Selina. Tangu hapo, kila Jumapili shangazi alipiga simu. "Wazee wao bado?" "Bado, shangazi." Mei ikapita, Juni ikapita, Julai nayo. Dorotea alimeza aibu yake akanyamaza, kwa sababu mwanamke mwenye heshima zake hamkumbushi mwanamume kuposa.

Jumamosi moja ya Agosti alifika bandarini akakuta watalii kumi na wanane wa kutoka Dar na Dodoma wanamsubiri. Juu yao lilining'inia bango jipya: NJOO UOGE MAPOROMOKO YA NAMUHONDA! Picha ilikuwa ile ya Aprili. Yeye mwenyewe alikuwa amekatwa, lakini makubazi yake yalibaki pale pembeni ya jiwe. Aliyatazama mpaka macho yakamwasha, kisha akampigia bosi wake.

"Bosi Revocatus, Agosti pale hakuna maji! Na pale si mahali pa kutembeza watu!"

"Watu wameshapanda meli, Dorotea. Wewe si mwenyeji wa huko? Utajua la kuwaambia."

Wakafika. Mwamba ulikuwa mkavu kama kigae, na mbuzi wawili wamelala kivulini. Mama mmoja mwenye taulo shingoni akamgeukia.

"Dada, maji yako wapi?"

"Yako kwenye bango!"

Mzozo ukaanza, huyu anataka kurudi, yule anamwita tapeli. Katikati ya kelele hizo akatokea shangazi Selina na wanawake wa kijiji.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. Aliwatazama wageni mmoja mmoja, kofia zao, miwani yao ya jua. "Nani aliyewaleta?"

Dorotea akasogea mbele. "Nimewaleta mimi."

"Wote kumi na wanane? Mwanangu, utawapikia kwa sufuria gani?"

Wanawake wakaangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Dorotea alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliteremka hadi ufukweni, akampigia Masele simu.

"Mpenzi! Umeliona bango?" Masele alipokea kwa furaha. "Bosi wako alitaka picha nzuri, nikaona nikufurahishe, pajulikane kwenu."

"Usiniite mpenzi! Umepaanika mahali petu kama mtumba!"

"Doro, ni picha tu."

"Mwanamume anayepelekwa pale ndiye mchumba! Shangazi anawasubiri wazee wenu tangu Aprili, wewe umemletea watu na mataulo!"

Masele naye akawaka. "Na mimi ningejuaje? Ulisema haletwi mtu hivi hivi! Mimi Msukuma nijue kwamba hapo nimeshaposa?"

"Ungeuliza!"

"Nawe ungesema! Miezi minne umeninunia moyoni, usoni unacheka!"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. Akakata simu, akaizima. Wageni wakarudishwa Mwanza na mwongoza watalii mwenzake. Yeye akabaki kwao, akitwanga mihogo kwa nguvu ambazo mihogo haikuzihitaji.

Jumamosi iliyofuata mtumbwi wa injini ulitia nanga. Akashuka Masele, suti ya kijivu imelowa maji mpaka magotini, na nyuma yake baba yake mdogo, mzee Chenge, na wazee wengine wawili. Begani Masele alibeba bango lililokunjwa. Alikuwa amelishusha kwa mikono yake mbele ya Revocatus, aliyemwambia asikanyage tena ofisini kwake.

Walipelekwa kwenye mwamba mkavu, kijiji kizima kimekusanyika.

"Picha haikuwa yangu kuigawa," Masele alisema, akilitua bango chini. "Nimekosa. Samahani, shangazi. Samahani, Dorotea."

"Samahani!" Dorotea alipaza sauti. "Wamenicheka hapa, Masele! Hapa nilipozaliwa! Nikipita kisimani wananiuliza habari za waume zangu kumi na wanane!"

"Najua."

"Hujui! Na ungekuja Mei, haya yote yasingekuwapo!"

"Ungeniambia Aprili, ningekuja Aprili."

Mzee Chenge akakohoa. Shangazi Selina alilikunjua bango, akalipima kwa mikono. "Hili litanifaa kuanikia dagaa," akasema. Kisha akanyooka, akamwelekezea Masele kidole.

"Huyu hapa. Nani aliyemleta?"

Dorotea alijua kwamba akikaa kimya tu, mtumbwi utageuza na jambo litakwisha. Akamtazama yule mwanamume na suruali yake inayochuruzika maji, mikono yake imechubuka kwa kamba za bango. Machozi ya hasira yakamtoka, na hakuyafuta.

"Nimemleta mimi!" akasema, kwa sauti ya mtu anayegombana. "Na hasira bado ninazo!"

"Kaa nazo, mwanangu, kwenye ndoa zitakufaa," akasema shangazi. "Leteni viti, wageni wakae."