Mtungi Uliovuja Ziwani Kivu

Injini ilizimika boti ikiwa mbali na Idjwi na mbali na Bukavu vilevile, na upepo ukaanza kuwapiga bila huruma. Bruno, mwenye boti, alivuta kamba ya injini hadi kiganja kikachubuka. Wapi! Maji yalilowesha godoro la Cibalonza, mwalimu mwenye homa ya mapafu, aliyekuwa akipelekwa hospitalini Bukavu huku akipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni.

Domitille, muuguzi wake, aliukumbatia mtungi usibingirike. Ndipo akasikia mvumo mwembamba, sss, chini ya mkono wa vali. Hewa ilipenya kwenye pakingi, zile pete laini zinazoubana mhimili wa vali, na mshale wa kipimo ulishuka akiutazama.

"Maman Domitille, hewa inatoka ku bombone!" Bruno alichota mawese kwenye dumu la mzigo. "Tupake hii, itaziba."

"Usiguse! Mafuta na oxygène ya pression vile, ni moto. Tutalipuka siye wote!"

"Basi funga!"

"Nikifunga, anakufa. Kamata kasia, tuende ku Bagira, ndiyo karibu."

Akautazama tena mkono wa vali. Alikuwa ameufungua kidogo tu, kama wanavyofanya wauguzi wote pale kituo cha afya, eti oksijeni isiishe haraka. Ujinga gani huu! Kiasi cha hewa hupangwa na kidhibiti. Vali ya aina ile ikifunguliwa kidogo, pakingi peke yake ndiyo huzuia shinikizo lote. Ikifunguliwa mpaka mwisho, bega la mhimili hupanda, likakaa chini ya pakingi na kuziba njia. Alifundishwa hayo shuleni, kisha mazoea yakayafuta.

Akaanza kuzungusha.

"Unafungua? Umeisha kuwa wazimu?"

"Ninafungua! Huyu hatakufa mu mikono yangu. Piga kasia!"

Alizungusha hadi mkono wa vali ukagoma. Mvumo ukafifia, ukakoma. Mshale ukatulia palepale.

Sasa Domitille alishika beseni, akayakumba maji huku akilitukana ziwa kwa Mashi, lugha ya kwao, matusi ambayo mama yake asingeamini anayajua. Kila wimbi lilipomwangusha aliinuka na kulijibu. Bruno naye, mikono ikivuja damu, aliacha kulalamika. Walipigana hivyo hadi mabati ya Bagira yakaonekana mlimani na boti ikagota kwenye matope.

Watu waliingia majini kuwapokea. Mmoja alimchungulia Cibalonza aliyelala kimya, midomo ikiwa na rangi ya majivu, akavua kofia.

"Pole, maman. Huyu ameisha kufa."

Cibalonza akasukuma barakoa pembeni.

"Nani amekufa? Nibebeni, niko nasikia baridi!"

Domitille akaketi kwenye matope, akalia kwa sauti, wala hakumwonea mtu haya.