Mgeni wa Saa Sita

Beseni la mashati meupe lilianza kunuka siku ya tatu. Dobi aliinama, akanusa, akanyanyuka haraka kama aliyepigwa kibao. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa na ya udobi, nguo ya mteja haikuwahi kuvunda ndani ya nyumba ile. Na aliyeziloweka ni mkewe, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kola kwa jinsi alivyopiga pasi kola ya shati mpaka ikasimama yenyewe. Sasa mashati yalikuwa yameota utando, na Bi Kola amelala, uso ukutani.

"Mke wangu, umeyasahau?"

"Nitayafua."

Hakuyafua. Wiki ile hakula chochote cha maana, nywele hakuzichana, na mumewe akimgusa bega alisogea taratibu, bila hasira. Hilo la mwisho ndilo lililomkera Dobi. Yule bwana alizaliwa na wivu wake. Fundi bomba mmoja aliwahi kufukuzwa na kazi haijaisha, kosa lake kutabasamu akipewa maji ya kunywa.

Muuza mkaa wa jirani alimvuta pembeni. Mama huyu hakuwa mtu wa kuona moshi akanyamaza.

"Shemeji, usinicheke. Hali, haongei, hataki kuguswa? Hilo ni jini mahaba. Limempenda, limemwoa. Wewe sasa ni mpangaji tu humo ndani."

Dobi alicheka, lakini hakulala. Kesho yake, badala ya kuzungusha nguo kwa wateja, alizunguka nyumba na kujibanza chini ya dirisha la uani. Jua lilikuwa la utosi, saa ile ambayo watu husema majini hutembea bila kujificha. Ndani palikuwa kimya. Kisha akaisikia sauti ya mkewe, ya chini, ya mtu anayeongea na aliye karibu sana.

"Sasa hivi?"

Sauti ile ile ikaendelea:

"Bado. Bado kidogo."

Dobi aliingia ndani kwa kishindo, akafunua pazia, akainama uvunguni, akafungua hata kabati la nguo za watu. Hakukuta kitu ila ile harufu ya mashati; maji yake alikwisha kuyamwaga tangu juzi, na bado ilikuwa imetanda nyumbani. Bi Kola alimtazama kutoka kitandani bila kuuliza anatafuta nini.

Asubuhi iliyofuata Dobi alichukua unga wa wanga, ule wa kukazia nguo, akaunyunyiza sakafuni kuanzia chumbani mpaka chumba cha pasi, mwembamba, sawasawa, kwa ustadi wa kazi yake. Jini lina kwato, alijiambia. Na liache alama, nilijue. Akaaga kwa sauti kubwa, akaenda.

Alirudi saa saba. Alisimama mlangoni akiwa amejitwisha furushi, na kwanza alifurahi, maana alama zilikuwepo, kisha akaona kuwa si za kwato bali ni za miguu ya mkewe, mitupu, midogo, aliyoijua kuliko yake, iliyotoka kitandani bila kuyumba, ikapita meza ya pasi, ikapita pipa la maji, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye rafu ya pembeni alikoweka kopo la dawa ya kutolea madoa, na pale ikakanyagana, nyayo juu ya nyayo juu ya nyayo, mpaka wanga ukawa umekwanguliwa na sakafu inaonekana, halafu ikarudi. Bi Kola wa zamani angeiona punje moja tu akamwita mumewe mchafu. Huyu alikanyaga unga wote ule bila kutazama chini.

"Pale ndipo linapomsubiri," Dobi alinong'ona, akakimbia kumwita mganga, Babu Chetezo.

Mganga alikuja na chetezo chake kinafuka. Alimfukiza Bi Kola, akamwita aliye ndani yake, akambembeleza, akamtisha, akamuuliza jina mara saba. Bi Kola alikohoa moshi tu.

"Ajabu," alisema Babu, akipangusa jasho. "Majini nayajua. Jini lina njaa, lina majivuno. Litaomba marashi, litaomba nguo nyekundu, litatukana mpaka mama yako. Hili lako halitaki kitu."

"Njoo uone lilikosimama, babu."

Babu alizitazama nyayo kwa muda mrefu.

"Kopo hili lina nini?"

"Dawa ya madoa."

"Ni kali?"

"Inatoboa kitambaa."

Babu Chetezo alikifunika chetezo. Alilitoa kopo nje mwenyewe, akalikabidhi kwa muuza mkaa, akarudi akihema.

"Vaa viatu. Tunampeleka hospitali."

"Hospitali? Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mwanangu, mke wa kaka yangu alikuwa hivi hivi. Nilimfukiza siku tisa. Siku ya kumi tulimzika." Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi ulikuwa umeshaisha.

Daktari wa magonjwa ya akili alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na Dobi alimshuku papo hapo. Alishuku kalamu yake, alishuku vidonge. Daktari alizungumza na Bi Kola peke yake kwa saa nzima, kisha akawaita mume na Babu.

"Huu ni ugonjwa. Unaitwa sonona. Unatibika."

"Nani kamtupia?"

"Hakuna. Atameza dawa kila siku, na zitachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Atakuja kwa mshauri kila wiki, azungumze. Na wewe, kila asubuhi, umuulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake, na utupigie simu."

"Si nitakuwa namkumbusha?"

"Hajasahau hata siku moja. Anachokosa ni mtu wa kumwambia."

Dobi alimgeukia mkewe. "Ulikuwa unaongea na nani mchana ule?"

"Na mimi mwenyewe," alisema Bi Kola. "Hakukuwa na mtu mwingine. Ningefurahi angekuwepo."

Hapo ndipo Dobi alipolia, mbele ya daktari na Babu Chetezo. Lingekuwa jini, angepigana nalo.

Asubuhi ya kwanza Dobi aliliuliza lile swali. Mkewe akajibu ndiyo, Dobi akapiga simu, na siku nzima mashati ya watu yakamngoja. Ya pili ndiyo. Wiki ya pili ndiyo. Dobi alizihesabu siku, akishuku kila kidonge kuwa ni cha bure. Wiki ya tano Bi Kola alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anachana nywele.

"Umefikiria kujiua?"

"Hapana."

Hakumwamini. Alimtazama machoni, mikononi, akasogea karibu.

"Unanificha?"

"Sikufichi. Leo, hapana." Alishusha kitana, akamshika mumewe mkono, mara ya kwanza tangu siku zile, na mkono wake ulikuwa wa baridi. "Lakini kesho uniulize tena. Usiache kuniuliza."