Mukamwana Mbele ya Ekrani

Risasi zilipoanza kulia sokoni Burungu, Kavuo alitimua mbio, akamwangukia mgongoni kijana aliyebeba jibini kichwani. Risasi ikapita, ikalipasua lile jibini.

"Samahani, kaka!"

"Dada, kufa nitakufa, lakini si kwa kukanyagwa na murembo!"

Wakacheka, wamelala kwenye matope. Kijana alikuwa Henri, muuza jibini wa Kirolirwe. Kavuo alikuwa muuguzi, kitenge chake cha manjano kimechanika pindoni. Tangu hapo simu hazikupoa.

"Umekula, chéri?"

"Nimeshiba sauti yako."

Mahari ikiwa karibu kutolewa, Papa Damien, baba yake Henri, akaanza kunya damu. Hospitalini kwa Kavuo kulikuwa na mpira wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa. Kompyuta ikiona utumboni kiuvimbe kinachoweza kugeuka kansa, inakizungushia mraba wa kijani kwenye ekrani.

"Wewe njo ushike ule mupira," Henri akaomba.

"Siwezi. Mukamwana hapashwe kuona uchi wa baba-mukwe. Ndoa itakufa."

"Sema tu unamuonea baba yangu kinyaa!"

Akakata simu. Jamani, Kavuo alilia!

Siku ya kipimo Daktari Pétronille alishika mpira mwenyewe, Kavuo akabaki mlangoni. Bomu likaanguka uani. Ukuta ukafunguka, daktari akadondoka, mkono wake ukining'inia kwa ngozi. Kavuo akaingia mbio, akaufunga kwa kitenge. Umeme ulikatika, lakini betri ya mashine bado ilikuwa na moto, na mpira ulikuwa bado ndani ya mzee. Mraba wa kijani uliwaka kwenye ekrani.

"Kata kiuvimbe!" daktari akafoka kutoka sakafuni. "Umenisaidia kila siku. Tukikimbia leo, huyu mzee hatapata mashine tena!"

Henri aliingia mbio kutoka uani, akasimama pale, shati limelowa damu ya watu. Nikikata namponya baba, namkosa mwana, Kavuo akawaza. Akashika mpira. Kitandani hakutazama kabisa. Aliufuata mraba, akakifunga kiuvimbe kwa kitanzi cha waya, akakata. Bomu la pili likapiga wodi ya wazazi. Vilio vikakatika ghafla.

Wakakimbia njia ya Walikale, mzee na daktari kwenye machela.

"Chéri, unisamehe. Nilikuwa mupumbavu," Henri akasema.

"Sana."

"Utakubali bado nikuoe?"

"Uliza baba yako. Mimi nimeharibu."

Papa Damien akainua kichwa. "Kavuo, uliangalia nini mule ndani?"

"Ekrani, Papa. Ekrani tu."

"Basi ulitazama televizyo. Henri, peleka ng'ombe kwao."

"Wenye bunduki wamezikula zote, Papa."

"Basi anza na jibini."

Kavuo akaangua kicheko huku machozi yanamtiririka, akamshika Henri mkono.