Kopo la Risiti Kwenye Sauna

Mume wangu Tarmo ni fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe. Kazi anaijua hasa. Mashine ikikohoa tu, anajua inaumwa wapi. Lakini kudai chake? Hapo ni bure kabisa.

Kampuni yake iko Iisalmi, hapa Ufini, na wafugaji wametawanyika mkoa mzima wa Savo. Tarmo huwaendea kwa gari letu na kwa mafuta yetu. Kipuri kikikosekana, hupita dukani akakinunua kwa pesa yake. Kampuni ilimwambia tangu mwanzo kwamba itamrudishia: kilomita, vipuri, hata chakula akienda mbali. Sharti lilikuwa moja. Gharama za Aprili na Mei zidaiwe kabla Mei haijaisha.

Mimi, Kaisu, nilishazipangia kazi pesa hizo. Binti yetu Hilla ana miaka kumi na minne, na anapiga kodiani. Mwaka huu aliombwa kupiga kwenye dansi ya Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi. Kijiji kizima hucheza kando ya ziwa. Mtoto alifurahi mpaka akasahau kula. Tatizo ni kwamba kodiani yake ilikuwa ya marehemu babu yake. Mvukuto umepasuka, na unapiga miluzi kama birika.

Mzee Eevertti wa ng'ambo ya ziwa alikuwa anauza yake, nzuri sana, kwa euro elfu moja na mia mbili.

"Nitakuwekeeni mpaka wiki moja kabla ya Juhannus," alituambia. "Ikipita hapo nampa mwingine. Msinikasirikie, nami nina bili."

Jumamosi ya mwisho ya Mei tulioga kama kawaida kwenye sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke. Tulianza wanawake: mimi, Hilla na jirani yetu Irmeli. Irmeli alikuwa karani wa mishahara miaka thelathini, na hajaacha kuhesabu vitu. Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi tukila soseji. Tarmo akaja na taulo begani.

"Baba Hilla," nikamwita, "risiti ziko wapi? Jumatano ndiyo mwisho."

"Usihangaike. Zipo kwenye kopo."

"Kopo gani?"

"La kahawa. Humo humo kwenye sauna."

Mnielewe. Tarmo akirudi kazini ananuka zizi, nami sitaki aingie sebuleni hivyo. Huenda moja kwa moja sauna, akavua, akamwaga mifuko yake ndani ya kopo. Kopo hukaa kwenye rafu nyuma ya jiko la kupashia mawe ya mvuke.

"Pale ni pakavu," alisema, kwa fahari kabisa. "Haziwezi kuota ukungu."

Hilla akakimbia kulileta. Akalifungua. Akatoa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote nyeusi tii. Hapakuwa na herufi hata moja.

"Baba," akasema polepole, "hazisomeki."

Tarmo alizigeuzageuza kama anatafuta upande wa pili. Mimi nilishikwa na hasira mpaka soseji ikaniponyoka. Hilla akafunga kopo. "Basi, si lazima nipige," akasema, akaenda gatini, kando ya ziwa, peke yake. Maneno hayo yaliniuma kuliko kelele yoyote.

Irmeli naye alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Jirani, unacheka msiba?" nikamuuliza.

"Nisamehe, Kaisu. Ila nimeona risiti zilizofuliwa, zilizoliwa na mbwa, zilizofungiwa samaki. Za kuchomwa sauna, hizi ndizo za kwanza!" Akajifuta macho. "Sikiliza, Tarmo. Karatasi ya risiti haiandikwi kwa wino. Inaandikwa kwa joto. Ukiiweka penye joto kali, inajiandika yote, ikawa nyeusi. Hata kwenye dirisha la gari, juani, inafifia."

"Kwa hiyo zimekwenda," akasema Tarmo.

"Nani kasema? Ulilipa kwa kadi au taslimu?"

"Kadi. Isipokuwa mara moja."

"Basi benki inajua siku, duka na kiasi. Jumatatu unaenda na orodha ya benki dukani, unaomba nakala za risiti. Na kilomita uliziandika?"

Tarmo akagusa kichwa. "Ziko humu."

"Humo hamna kitu," nikasema. "Wiki iliyopita ulisahau siku yangu ya kuzaliwa."

Irmeli akanikonyeza. "Kila zizi lina kitabu cha wageni, au siyo?"

Hapo Tarmo akainua uso. Ni kweli. Kwetu mgeni haingii zizini bila kuandika jina na tarehe, ili ugonjwa ukitokea ijulikane nani alipita.

"Niliandika kote," akasema.

"Piga simu basi, uwaulize tarehe zako."

"Mimi? Nipige simu?" Tarmo alirudi nyuma hatua mbili. "Watu wana kazi zao. Nitaonekana ombaomba. Na bosi atanionaje?"

Irmeli akaacha kucheka. "Tarmo, umewahi kumtengenezea mfugaji mashine bure?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ni kazi. Lazima ilipwe."

"Basi mafuta uliyochoma ukienda kazini kwao ni pesa yako uliyoikopesha kampuni. Kuidai si kuomba. Usipoidai, anayelipa ni nani?"

Tarmo alitazama gatini, alikokaa Hilla. Kisha akasema, "Nipe simu."

Jumapili nzima alikuwa jikoni. Wafugaji kumi na saba! Alidhani watamkasirikia. Loo, wapi! Mama mmoja wa Kiuruvesi alimsomea tarehe zake, kisha akamsimulia harusi ya mwanawe kwa nusu saa. Mwingine alisema, "Wewe Tarmo, kumbe unaongea?" Nilicheka nikamwagia kahawa kitambaa. Hilla aliketi kando yake, akiandika: tarehe, kutoka wapi mpaka wapi, kazi gani, kilomita ngapi.

Jumatatu Tarmo alileta nakala kutoka duka la vipuri. Irmeli akavaa miwani.

"Hii pampu, sawa. Mpira wa bomba, sawa. Na hizi pipi za chumvi?"

"Za njiani."

"Za tumbo lako. Kata. Ukidai kisichokuwa cha kazi, hata cha haki hawatakuamini. Na vya nyumbani uwe unavilipia mbali, vipate risiti yake."

Kifaa kimoja cha euro thelathini na nane alikilipia taslimu. Duka halikuipata risiti yake. Hicho kilikwenda, na Tarmo alikiomboleza siku mbili.

Jumanne alijaza fomu ya madai, akaambatisha nakala, akatuma. Saa ya chakula bosi wake akapiga simu. Niliisikia sauti yake mpaka kwenye sinki.

"Tarmo! Hatimaye! Nilidhani unaenda kazini kwa baiskeli. Safi sana, kila kitu kipo. Mbona ulichelewa hivi?"

Tarmo akawa mwekundu. "Risiti zilikuwa sauna," akasema.

Siku kumi baadaye pesa ziliingia, euro elfu moja, mia tatu na ishirini. Hilla na baba yake walipiga makasia mpaka kwa Mzee Eevertti. Walirudi kodiani imefungwa koti la Tarmo, na yeye anatetemeka kwa baridi huku anacheka.

Siku hizi kuna daftari kwenye gari, limefungwa kamba ili lisipotee. Akiondoka anaandika namba ya kilomita, akifika anaandika tena. Risiti anaipiga picha kwa simu akiwa bado mlangoni mwa duka, na pembeni anaandika ilikuwa ya kazi gani. Karatasi yenyewe inaingia kwenye bahasha, ndani ya droo ya jikoni. Kila Ijumaa anatuma. Kopo la kahawa nimepandia vitunguu.

Juhannus ikafika. Jua liligoma kuzama, kama kawaida yake kiangazi, mbu walikuwa wengi, na moto mkubwa uliwaka ufukweni. Tarmo alinunua soseji kibandani, na mkono ukaenda mfukoni. Akaipiga picha risiti.

"Hiyo ni ya nyumbani!" Irmeli akapiga kelele, watu wote wakageuka.

Ndipo Hilla akapanda jukwaani. Alivuta mvukuto mara moja, na sauti ikatoka nzima, bila mluzi hata kidogo. Nililia, sikujificha. Tarmo alikuwa amesimama kando yangu, mikono mifukoni. Miaka kumi na saba ya ndoa, na dansi zote hizo ni mimi niliyemvuta.

Akaitoa mikono mifukoni.

"Mama Hilla," akasema, "naomba tucheze."