Hatua Moja Kutoka Ukutani

Jambo la mwisho la kawaida nililofanya lilikuwa kuchonga penseli za marehemu mke wangu. Zilikuwa kumi na mbili. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, wiki ya tano baada ya mazishi. Mdogo wake alikuwa chumbani akikunja nguo za kugawa.

Mke wangu alianza kujifunza kuchora wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Watu walimcheka; mimi nilimnunulia karatasi. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, nilikaa kwenye kiti cha mbao sebuleni ili ajifunze umbo la mwili wa binadamu. Kiti alikiweka mwenyewe, hatua moja kutoka ukutani. Alisema ni kwa ajili ya kivuli.

"Tulia bwana, umekaa kama gunia," alikuwa akiniambia.

"Na yule uliyemchora jana, mbona macho yake yalikuwa kama sahani?"

"Ndiyo anime hiyo, mume wangu. Macho makubwa, pua ndogo. Hiyo pua yako ndiyo itanimalizia karatasi. Wewe, usigeuke!"

Michoro ya Jumamosi hakuwahi kunionyesha. Alisema nitaiona mkono wake ukishaiva. Kisha akaugua, wiki tatu tu, akaniacha.

Alasiri hiyo niliamua kujifunza kuchora kwa kufuata madaftari yake. Lakini niseme ukweli: nilitaka kujiona. Nilitaka kujua, katika saa zote zile alizonitazama, aliona nini.

Daftari la kwanza lilianza kama la mwanafunzi yeyote. Duara la kichwa. Msalaba ndani yake, wa kuonyesha macho yakae wapi. Mstari mmoja wa mgongo. Halafu kikaja kiti changu, kimechorwa sawasawa, hadi ufa wa mguu wa kushoto.

Kilikuwa kitupu.

Nikafunua ukurasa mwingine. Kitupu. Mwingine. Kitupu. Na nyuma ya kiti, kwenye kila ukurasa, alisimama mtu.

Nikajiambia ni mhusika wa kubuni. Lakini wachoraji hupima urefu wa mwili kwa vichwa. Mtu wa kawaida hufika vichwa saba na nusu, wa anime mara nyingi sita. Pembeni mke wangu alikuwa ameandika: "Tisa. Nimepima tena. Tisa."

Kitu cha kubuni hakipimwi mara mbili.

Katika daftari la pili, mikono ya yule mtu ilikuwa imeshuka kwenye mgongo wa kiti. Katika la tatu, vidole vyake vilizunguka hewa tupu, kwenye kimo cha shingo yangu. Uso nao ulikuwa umekamilika: macho makubwa, kope zimechorwa moja moja. Niliujua mkono wa mke wangu. Uso ule ulichorwa kwa mapenzi.

Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Shem," nikasema, "huyu ni nani?"

Akanong'ona. "Kumbe hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nilimsihi, Shem. Wallahi nilimsihi. Akasema ukijua utagoma kukaa." Akautupia ukuta jicho, haraka, akatazama chini. "Na huyo alikuwa haji usipokaa wewe."

Ilinichukua muda kuielewa sentensi hiyo. Miaka miwili nilidhani ni mimi ninayechorwa. Nilikuwa chambo.

"Alikuwa anamwogopa?"

"Mwanzoni," akasema.

Akaondoka. Nguo aliziacha.

Nilikivuta kiti, nikautazama ukuta. Sikuwahi kuutazama vizuri, siku zote nilikuwa nimeupa mgongo. Rangi ilikuwa imechakaa, kama inavyochakaa mahali panapoegemewa kila siku. Visigino viwili. Mgongo. Mabega. Nikasimama mbele yake, wima.

Mabega yale yalilingana na utosi wangu.

Asubuhi yake nilikwenda dukani mapema, nikanunua rangi nyeupe. Nikaupaka ukuta mzima, nikafungua madirisha yote. Kufikia saa tano ulikuwa umekauka. Isipokuwa pale. Nikaweka kiganja. Palikuwa pabichi, na palikuwa na joto, joto la mwili.

Sikukimbia. Niliosha brashi, nikafuta mikono, nikarudi sebuleni, mbele ya pale pabichi. Kisha nikamuuliza, kwa adabu, kama mke wangu aliwahi kunitaja.